Kutekwa kwa Wanafunzi wa Gombe, 1975: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilikuja Dar es Salaam nikiwa na miaka 19, kwa treni ya reli ya kati, na sijahama tena. Kila ninaposimulia habari ya Gombe kwenye vikao vyetu vya historia hapa Upanga, maswali ni yale yale, kutoka kwa wanafunzi, walimu na hata wazee wenzangu. Nimeyaweka hapa jinsi yanavyoulizwa. Majibu mengine ni mafupi kwa kuwa jambo lenyewe halina mengi. Mengine nimeyaachia nafasi kwa sababu yananigusa, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Ni tukio gani hasa?

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha wapatao 40 walivuka Ziwa Tanganyika kwa boti wakitokea Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati ule. Walishuka kwenye ufukwe wa Gombe, wakaingia kambi ya utafiti wa sokwe iliyoanzishwa na mtafiti Mwingereza Jane Goodall, wakaondoka na wanafunzi 4. Watatu walikuwa wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani na mmoja alitoka Uholanzi. Wanawake watatu na mwanamume mmoja, wote vijana. Walivushwa ziwa usiku huo huo na kupandishwa milimani ng'ambo. Wa mwisho wao aliachiwa mwishoni mwa Julai, baada ya wiki 10 hivi.

Wote 4 walirudi hai. Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia, na hapo ndipo mimi huanzia.

Gombe ni wapi, na vijana hao walifuata nini?

Ni kaskazini ya mji wa Kigoma, umbali wa kilomita 16 hivi, na haifikiki ila kwa maji. Ni hifadhi ndogo sana, msitu na mabonde yanayoshuka hadi ziwani, na ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Goodall alifika pale Julai 1960. Kufikia miaka ya 1970 kambi ilikuwa imekua, wanafunzi wa kigeni wanakuja kwa zamu kujifunza tabia za sokwe na nyani, na Watanzania wa vijiji vya jirani wameajiriwa kuwafuata wanyama msituni tangu asubuhi hadi jioni.

Hali ya hewa ikiwa safi, milima ya Congo unaiona ukiwa umekaa tu ufukweni. Sisi tuliokulia kule tuliizoea kama mtu anavyozoea ukuta wa jirani. Hakuna aliyefikiria kwamba ukuta huo una mlango.

Watekaji walikuwa nani?

Wapiganaji wa chama kilichoitwa PRP, yaani Chama cha Mapinduzi ya Umma, kilichoundwa mwaka 1967 kumpinga Mobutu, rais wa Zaire. Kiongozi wake alikuwa Laurent-Désiré Kabila. Walishikilia eneo la milima ya Fizi, magharibi mwa ziwa, na eneo lao waliliita Hewa Bora. Ndiyo, kwa Kiswahili. Wenzetu wa ng'ambo wanasema lugha hii hii, na naomba msomaji akumbuke hilo: amri zilizotolewa usiku ule, Watanzania waliokuwa kambini hawakuhitaji mkalimani kuzielewa.

Walitaka nini?

Baada ya wiki moja hivi walimwachia mwanafunzi mmoja, msichana, arudi na barua za madai. Walitaka pesa, walitaka silaha, na walitaka wenzao waliokuwa wakishikiliwa Tanzania waachiwe. Hebu mfikirie huyo msichana. Amepata uhuru wake, lakini ameupata akiwa amebeba mkononi uhai wa wenzake watatu. Kila neno atakalosema kwa balozi, kwa polisi, kwa wazazi wa wenzake, lina uzito huo. Watu humwita mwenye bahati. Mimi neno hilo silipendi.

Kwa nini Dar es Salaam inatajwa sana wakati tukio ni la Kigoma?

Kwa sababu kusubiri kulifanyika hapa. Kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, lakini balozi zilikuwa hapa, serikali ilikuwa hapa, na simu za nje zilipigwa kutoka hapa. Watafiti wa kigeni waliobaki Gombe waliondolewa, wakaja mjini. Goodall mwenyewe alikuwa na nyumba hapa. Mume wake, Derek Bryceson, alikuwa mbunge na mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa. Wazazi na watu wa Stanford wakapanda ndege wakaja. Wajumbe wa waasi nao walifika jijini kuzungumza.

Dar ya 1975 ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa nusu ya bara hili. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na ofisi hapa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikajikuta mahali pagumu: ikijadiliana na watekaji, ni kama kuwapa heshima ya wapigania uhuru, na kesho kijiji kingine cha ufukweni kitavamiwa. Haikutaka kujadiliana. Marekani nayo ilikuwa na msimamo wake wa kutowapa watekaji chochote, msimamo uliokazwa zaidi baada ya wanadiplomasia wake wawili kuuawa Khartoum mwaka 1973.

Balozi wa Marekani hapa nchini, W. Beverly Carter, alizisaidia familia. Henry Kissinger, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikasirika. Carter alikuwa ametarajiwa kupelekwa Denmark. Safari hiyo ikafutwa, ikawa kelele kubwa kwao, hatimaye akapelekwa Liberia. Simhukumu. Aliketi na wazazi uso kwa uso, na aliyekuwa Washington hakuketi nao.

Fidia ililipwa?

Ililipwa, karibu nusu milioni ya dola, na ilitoka upande wa familia na watu waliozisaidia, si serikalini. Wanawake wawili waliokuwa wamebaki wakaachiwa. Yule kijana wa kiume hawakumwachia. Alibaki peke yake kwa wiki kadhaa zaidi.

Swali hili huulizwa kuliko yote, na mara nyingi ndilo la kwanza. "Walilipa shilingi ngapi?" Nalielewa. Pesa ni kitu kinachohesabika, na wiki za kijana aliyebaki peke yake mlimani baada ya kuwaona wenzake wakishuka hazihesabiki. Lakini ukinikuta nimejibu la pesa kwa mkato, ujue nakusubiri uulize la huyo kijana.

Watanzania waliokuwa kambini ilikuwaje?

Hili haliulizwi mara kwa mara, nami nimeliweka makusudi.

Walishikwa. Walipigwa. Walitakiwa waonyeshe wageni wengine wamelala wapi, maana nyumba za kambi zilikuwa zimetawanyika kwenye miti na giza lilikuwa nene. Hawakuonyesha. Mfanyakazi mmoja alipigwa kichwani hata sikio lake moja likaacha kusikia kwa miezi. Wengine walipenya gizani kwenda kuwaonya waliokuwa bado hawajafikiwa. Kama si wao, boti zile zingerudi na watu wengi zaidi ya wanne.

Magazeti ya dunia yaliandika habari za mateka 4, na ni haki yao kuandikwa. Lakini mtu aliyepigwa usiku ule asichukuliwe, ambaye wiki iliyofuata alirudi kazini kwenye ufukwe ule ule, akalala kwenye kibanda kile kile akisikiliza maji, yeye naye ni manusura. Hakuna daktari aliyepanda ndege kuja kumwona. Nyumbani kwetu habari yake ilisimuliwa kama habari ya ushujaa, na kweli ni ushujaa, ila sifa ya ushujaa nayo humfunga mtu mdomo. Ukishaitwa shujaa, utamwambia nani kwamba unaogopa kutoka nje kwenda haja usiku?

Mbona hamtaji majina ya waliotekwa?

Yamo kwenye kumbukumbu za umma, anayeyataka atayapata. Mimi nimeona nisiyataje. Walikuwa vijana wakisoma, hawakuomba kuwa sehemu ya historia ya mtu. Wana haki ya kutajwa kwa kazi zao na si kwa usiku mmoja wa Mei.

Maisha yao yalikuwaje baadaye?

Mmoja nitamgusia kwa sababu kazi yake inajulikana na wanasayansi. Yule aliyerudishwa na barua hakuachana na wanyama. Mwaka uliofuata alikwenda Kenya, karibu na Gilgil, akaishi na nyani kwa muda mrefu, akiwafuata kwa miguu siku nzima mpaka wakamzoea. Alikuja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Michigan, na utafiti wake kuhusu urafiki baina ya nyani dume na jike unasomwa hadi leo.

Wanafunzi wangu humwona kama ushahidi kwamba "alipona". Mimi husema alirudi kazini. Kurudi kazini ni jambo kubwa, lakini si lazima liwe jina lingine la kupona. Mtu anaweza kufanya yote mawili, au moja, na yote ni yake.

Wengine walichagua maisha ya kimya. Hilo nalo ni jibu kamili.

Na waliokuwa upande wa kusubiri?

David Hamburg ndiye mfano ninaoupenda kuueleza. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na profesa wa Stanford, na fani yake hasa ilikuwa namna binadamu anavyokabiliana na msongo mkali. Vijana wale walikuwa wanafunzi wa programu aliyoisaidia kuianzisha. Alikuja Dar es Salaam, akabaki hapa wiki kwa wiki akihangaikia mazungumzo. Mtu aliyeandika makala za kitaalamu kuhusu hofu, sasa anaamka kila asubuhi na hofu yenyewe, kwenye joto la mji asioujua.

Alirudi kwao akiwa mtu mwingine. Aliacha njia ya maabara, akaongoza Taasisi ya Tiba ya Marekani, kisha mfuko wa hisani wa Carnegie kuanzia 1982 hadi 1997. Miaka ya 1990 alianzisha tume ya kuzuia vita kabla havijalipuka, pamoja na Cyrus Vance, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Mwenyewe alisema wazi kwamba tukio lile ndilo lililomgeuza.

Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, naye alilipa kwa namna yake. Kulikuwa na lawama, minong'ono, maswali ya kwa nini yeye hakuchukuliwa. Ushirika na Stanford ukavunjika. Mwaka 1977 alianzisha taasisi yenye jina lake, kwa sehemu kwa kuwa utafiti ulihitaji mahali pengine pa kushika. Bryceson alifariki mwaka 1980. Familia za mateka nazo zilibaki na mafundo kati yao: nani alilipa, nani alichelewa, nani aliachiwa kwanza. Utekaji hufanya hivyo. Huwagombanisha watu ambao wote wameumizwa na mtu mmoja ambaye hayupo mezani.

Mtu akiachiwa salama, kwa nini aendelee kuumia?

Naomba nijibu kwa mtu ninayemjua.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa siku za giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazoning'inizwa juu ya maji ili wapande. Usiku mmoja wa namna hiyo boti yao ilifuatwa na watu wenye bunduki. Walichukua mashine, walichukua nyavu, kisha wakamchukua yeye na mwenzake wawabebee mizigo upande wa pili. Alikaa siku 4. Hakupigwa risasi wala hakuvunjika mfupa. Aliporudi tulichinja mbuzi, ikasomwa dua, watu wakasema yamekwisha.

Sasa ni zaidi ya miaka 20. Anaishi Mbagala. Mwaka juzi nilikwenda naye Feri alfajiri kununua samaki. Tukiwa tumesimama karibu na ngazi, boti ikaingia, na mashine yake ikatoa ile sauti ya kukohoa kabla ya kuzimwa. Mjomba alikuwa ameshika kikapu. Akakiweka chini taratibu, kama kina mayai. Kisha akainyoosha mikono yake miwili mbele, viganja vikiwa wazi, mahali vinapoonekana.

"Mjomba, twende?" nikamwambia.

"Subiri kwanza izime."

Ilipozima akainama, akachukua kikapu, akauliza bei ya changu. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Mwili una kumbukumbu yake ambayo haimsubiri mwenye mwili kuamua. Mtu anapokuwa mikononi mwa mwenye bunduki, kila sauti, harufu na kivuli kilichokuwepo huandikwa kama alama ya hatari. Baadaye hatari ikiondoka alama zinabaki. Ndiyo maana wataalamu wanasema kiwewe si mawazo tu. Kinakuja kama jinamizi, kushtuka, kukosa usingizi, kukwepa mahali fulani, hasira za ghafla, au ganzi, yaani mtu yupo sherehani lakini hayupo. Kutekwa kuna kitu zaidi ya ajali: hakuna saa inayojulikana ya mwisho. Mgonjwa anajua daktari anakuja asubuhi. Mateka hajui kama kuna asubuhi.

Ushahidi mzuri ulitoka California mwaka mmoja tu baada ya Gombe. Julai 1976, mjini Chowchilla, watoto 26 na dereva wao walitekwa wakiwa kwenye basi la shule, wakafukiwa chini ya ardhi ndani ya bodi la lori kwenye machimbo. Baada ya saa 16 hivi walijichimbua wenyewe wakatoka, wote hai. Daktari wa akili Lenore Terr aliwafuatilia. Miaka 4 baadaye, kila mtoto aliyemchunguza alikuwa bado na madhara: hofu ya magari, ya giza, ndoto za kufa, na jambo lililomhuzunisha mtaalamu yule kuliko yote, watoto ambao hawakuamini kwamba wataishi miaka mingi. Kabla ya hapo watu wazima walizoea kusema mtoto husahau. Chowchilla iliwanyima maneno hayo.

Niseme pia upande wa pili, maana nisingependa manusura asome hapa akate tamaa. Si kila aliyetekwa huwa mgonjwa. Wengi hupata nafuu kadiri muda unavyokwenda, hasa wakiwa na watu wa karibu wanaowaamini. Mjomba anacheka, anafuga kuku, ameoza mabinti wawili. Ana sauti moja tu asiyoipenda.

Kwa nini hawakukimbia au kupambana?

Kwa sababu walitaka kuishi. Ukiona bunduki 40, kutulia ni akili, si woga. Na mwili wenyewe unaweza kuganda bila ruhusa yako. Wanyama wengi tunayo hiyo, swala anayo, mtu anayo. Swali hili likiulizwa mbele ya manusura humrudisha kule kule na kumwongezea mzigo wa kujitetea. Tafadhali usiliulize.

Ni kweli mateka huwapenda watekaji?

Hii hutokana na tukio la uvamizi wa benki mjini Stockholm, Sweden, Agosti 1973, ambako wafanyakazi 4 walishikiliwa kwa siku 6 na baadaye wakaonekana kuwaogopa polisi kuliko waliowashika. Jina likapatikana, "Stockholm syndrome", likaenea. Lakini halimo kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, na wataalamu wengi hulitilia shaka. Mateka wanaposema neno jema juu ya mlinzi aliyewapa maji, wanasema ukweli kwamba walipewa maji. Wakati maisha yako yako mkononi mwa mtu, unausoma uso wake kwa makini kuliko unavyousoma uso wa mama yako. Kuita hilo mapenzi ni kutojua kiu.

Utafiti wa Gombe ulikufa?

Haukufa, na wanaostahili shukrani ni Watanzania. Kwa miaka kadhaa wageni hawakuruhusiwa kukaa pale kufanya utafiti. Waliobaki wakiwafuata sokwe kila siku ni wafanyakazi wenyeji, watu kama Hilali Matama, ambaye Januari 1974 aliwashuhudia sokwe wa Kasekela wakimshambulia dume wa kundi la Kahama aitwaye Godi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuona sokwe wakifanya hivyo. Huo ulikuwa mwanzo wa vita kati ya makundi hayo mawili ya sokwe, iliyoendelea hadi 1978, maana yake sehemu kubwa ya kumbukumbu zake iliandikwa na Watanzania baada ya utekaji.

Na waliandika kwa Kiswahili. Daftari kwa daftari: sokwe gani ameamka wapi, amekula nini, amepigana na nani, mvua imenyesha saa ngapi. Mojawapo ya rekodi ndefu kuliko zote duniani za wanyama wa porini ilishikiliwa na lugha yetu katika miaka yake migumu, na watu ambao wengine wao walikuwa wamepigwa kwenye ufukwe ule. Nikilisema hili darasani sauti hunikwama, na sioni aibu.

Kabila huyu ndiye aliyekuja kuwa rais?

Ndiye. Aliishi Tanzania miaka mingi, hapa Dar es Salaam pia, na mtoto wake Joseph alikulia nchini. Tarehe 17 Mei 1997 Laurent Kabila alijitangaza rais wa Congo. Zilikuwa zimebaki siku 2 tu itimie miaka 22 tangu usiku wa Gombe. Aliuawa Kinshasa Januari 2001.

Mzee mmoja aliwahi kuniambia kwamba siasa ndivyo zilivyo, leo mwasi, kesho mheshimiwa. Inawezekana. Mimi nilimfikiria mtu aliyetekwa akiwa na miaka ishirini na kitu, sasa ana watoto, anawasha televisheni jioni na kumwona kiongozi wa watu wale akipigiwa mizinga ya heshima. Hakuna aliyempigia simu kumwandaa.

Linahusiana vipi na siku hizi?

Hapa Dar neno "kutekwa" si la vitabuni. Oktoba 2018 mfanyabiashara Mohammed Dewji alitekwa alfajiri Oysterbay alipokwenda mazoezini, akapatikana siku 9 baadaye viwanja vya Gymkhana. Jiji zima lilijadili zawadi iliyoahidiwa kwa atakayetoa habari. Tangu hapo neno hili limekuwa likisikika zaidi, na kuna familia ambazo bado zinasubiri watu wao. Kwao sina historia ya kuwasimulia. Anayesubiri yuko ndani ya Mei 1975 yake, na anachohitaji ni majibu kutoka kwa wenye wajibu wa kuyatoa.

Ndugu yangu amerudi baada ya kutekwa. Nifanye nini?

Kwanza hospitali, hata kama hana jeraha la kuonekana. Toeni taarifa polisi. Namba ya dharura ni 112. Kama ni mtoto, au amefanyiwa ukatili wa kijinsia, ombeni Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, na namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure.

Nyumbani, punguzeni wageni. Najua mila zetu, mtu akirudi watu hujaa uani, kila mmoja ataka asimuliwe tangu mwanzo. Mjomba wangu alisimulia mara kumi kwa siku moja, na shangazi alikuwa akimsahihisha. Usimlazimishe kusimulia. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba mtu aliyetoka kwenye tukio la kutisha asiwekwe chini kuhojiwa hisia zake kwa lengo la kuzuia kiwewe, na pia asipewe dawa za usingizi za kundi la diazepamu kwa ajili hiyo. Mpe chakula, mpe mahali pa kulala anapopachagua yeye, mwache achague mlango ufungwe au uwe wazi. Mateka alinyang'anywa kuamua. Mrudishie kuamua, hata kama ni juu ya chai au uji.

Ikipita kama mwezi na bado halali, anashtuka, hawezi kurudi kazini, anakunywa pombe kuliko zamani, au anasema afadhali angekufa, msisubiri. Idara ya afya ya akili ipo Muhimbili, na hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kukuelekeza. Zipo tiba za mazungumzo zilizotengenezwa kwa ajili ya kiwewe, na zinasaidia hata miaka ikiwa imepita. Wakitaka dua au maombi pia, wafanye. Sijaona daktari mwenye akili akikataza.

Naweza kwenda Gombe?

Ndiyo, iko wazi. Unapanda boti Kigoma. Hakuna gari linalofika.

Mjomba wako aliridhia uandike habari zake?

Nilimsomea yote, Mbagala, tumekaa chini ya mwembe wake. Alisikiliza mpaka mwisho, pamoja na ile ya kikapu. Alikubali yabaki, bila jina. Alinisahihisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika siku 3.

"Nne," akasema. "Ile ya nne ndiyo ilikuwa ndefu."